Mstari wa Hamsini na Nane

Nianze kwa kukiri: Sista Tewabech alipoletwa ofisini kwetu, sikumpenda. Ilikuwa siku za mwanzo za mwezi wa Nehase, mvua inatwanga mabati ya mtaa wa Kazanchis, Addis, tangu alfajiri, sote tuko kwenye mfungo na tumboni hamna kitu zaidi ya shiro, mchuzi wa unga wa dengu. Mara Wonde, bosi wetu, anaingia na mama wa miaka sitini na kitu, sweta la kijani, mfuko wa nailoni mkononi.

"Tirsit, huyu ni Sista Tewabech. Amekaa chumba cha sindano miaka ishirini na sita, juzi tu kastaafu. Atapitia kazi yako."

Kupitiwa na nesi! Mimi niliyeandika programu ile mwenyewe, tena nikaiandikia majaribio sitini na nne, na kila asubuhi nikiyaendesha yote yanarudi na alama ya kijani. Nilitabasamu kwa meno ya mbele tu.

Programu yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu akiumwa na mbwa, huchomwa sindano ya kwanza siku anayofika, nyingine baada ya siku tatu, nyingine baada ya saba, nyingine baada ya kumi na nne. Miaka yote manesi walihesabu tarehe hizo kwa vidole na kuziandika kwenye kadi ya mgonjwa. Sasa kompyuta ingehesabu na kuchapa kadi, katika vituo kumi na kimoja, kuanzia Pagume mosi, ule mwezi mfupi wa kumi na tatu unaofunga mwaka wetu, yaani wiki nne kasoro. Kichaa cha mbwa si mafua. Kikishajitokeza mwilini, ndugu huanza kutafuta padri. Kwa hiyo palikuwa na karatasi moja ambayo mtu mmoja alitakiwa kuitia sahihi, kwamba tarehe zitakazotoka hazina kosa. Mtu huyo alikuwa mimi, na sahihi nilikuwa nimeshaitia tangu mwisho wa Hamle, mwezi uliotangulia. Karatasi ilikuwa kwenye droo ya Wonde. Huyu mama kwangu alikuwa muhuri wa mwisho tu, agonge aende.

Nilimvutia kiti, nikafungua faili la majaribio kwenye skrini. Sista akavaa miwani, akainamia maandishi yale ya Python, lugha ya kompyuta, kama mtu anayetafuta ufa kwenye sahani.

"Haya, mwanangu. Wagonjwa wako wapi?"

"Wagonjwa gani, Sista?"

"Uliowajaribu. Si unasema umeijaribu? Umemjaribu nani? Kaja lini, karudi lini?"

"Hapa si wodini, Sista. Haya ni majaribio. Kila kimoja cha hivi vipande kinaitwa fanksheni. Kinaandaa tarehe, kinaipa programu, kinaangalia kama jibu ni sawa."

"Sawa na nini?"

"Sawa na linavyotakiwa kuwa."

"Nani kasema linatakiwa kuwa hivyo?"

"Fanksheni yenyewe inahesabu."

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo huyu anahesabu, na yule anayemkagua naye anahesabu. Walisoma shule moja?"

Wonde akacheka huko mezani kwake. Mimi sikucheka. Nilimweleza Sista, kwa sauti ile ya upole tunayoitumia kwa watu tunaotaka waondoke, kwamba hayo ni mambo ya kiufundi. Akaitikia vizuri tu, kisha akaomba nimchapie yote kwenye karatasi. Zikatoka kurasa arobaini na moja. Alikaa nazo kutwa nzima na kalamu nyekundu, akitafuta tarehe. Jioni akanirudishia. Alikuwa amezungushia tarehe tisa tu, na pembeni ya kila moja ameandika: *sindano ya kwanza ipo, jibu lake silioni.*

Kusema kweli, alikuwa na haki, ila siku ile ningekufa kabla ya kumwambia. Visa vyangu vilikuwa vimezikwa ndani ya fanksheni. Ili uone kisa kimoja ilibidi usome mistari kumi na miwili ya maandalizi, na majibu yenyewe hayakuandikwa popote, yalipikwa hapo hapo. Mtu asiyejua Python asingeweza kukanusha hata tarehe moja. Na wanaojua Python tulikuwa wawili, mimi na Wonde, na Wonde hakuwahi kuyafungua.

Siku ya pili Sista akatoa daftari kwenye ule mfuko wa nailoni. La shule, jalada la bluu, limechakaa pembeni. Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula: sindano ya kwanza, baada ya tatu, baada ya saba, baada ya kumi na nne. Mistari mia moja na kumi na mbili.

"Hawa ndio wagonjwa," akasema. "Wengine nawakumbuka, wengine nimewatoa kwenye kalenda zangu za ukutani. Situpi kalenda. Mume wangu alisema nitazikwa nazo. Watie humo ndani."

"Mia na kumi na mbili, Sista? Kila mmoja nimwandikie fanksheni yake?"

"Mimi sijui utawatia vipi. Wewe ndiye mtaalamu."

Nikaanza kwa shingo upande. Nakopi fanksheni, nabadilisha tarehe, nakopi tena. Sista kasimama nyuma yangu na kikombe cha buna, kahawa yetu, ananipumulia shingoni. Kwenye mgonjwa wa nne akanigusa bega. "Hapo umeandika tano. Kwangu ni sita." Kwenye wa saba: "Huyo umemwacha na mwezi wa mwenzake." Kwenye wa tisa aliguna tu. Damu ikanipanda kichwani.

"Sista, unajua kuandika kwenye kompyuta?"

"Kwa vidole viwili."

"Vinatosha. Nitakutengenezea jedwali, uwaandike mwenyewe wagonjwa wako. Mimi niache na fanksheni zangu."

Nilisema kwa hasira, lakini nikishasema jambo nalifanya. Nikamfungulia jedwali tupu lenye safu kama za daftari lake. Kisha nikaandika fanksheni moja, moja tu, mistari sita. Haikujua tarehe yoyote. Kazi yake ni kushika mstari mmoja wa jedwali, kuipa programu ile sindano ya kwanza, na kulinganisha majibu na yale aliyoandika Sista. Ikimaliza mstari, inashika unaofuata. Basi. Ukitaka mgonjwa mwingine, unaongeza mstari kwenye jedwali, fanksheni huigusi.

Niliitazama ile mistari sita, na pamoja na hasira zangu nikaona ni nzuri. Ilinikera kwamba sikuifanya tangu mwanzo.

Sista aliandika siku tatu. Tak, tak, kimya, tak. Akaomba safu moja zaidi mwishoni, niipe jina "kwa nini".

"Ya nini tena?"

"Atakayekuja baada yetu ajue kwa nini mgonjwa huyu yumo. Mgonjwa asiye na sababu, watu humfuta."

Nikampa, tena nikaiunganisha na fanksheni, ili mstari ukikataa, sababu yake itokee kwenye skrini kwa maandishi mekundu. Akajaza. *Mwisho wa mwezi. Sikukuu ya Meskel, nusu ya manesi hawapo. Mkulima wa Selale, ametembea siku mbili. Mwaka wa Luka.* Mistari mingine alirudia sababu ile ile mara kumi, hakuona aibu. Wa hamsini na nane tu aliuacha wazi. Nilidhani amechoka.

Siku ya nne, kabla ya chakula cha mchana, nikaita watu wote, maana nilitaka ushahidi. Wonde akaja amejifunika shali. Nikaendesha kwanza majaribio yangu sitini na nne: kijani yote. Nikaendesha jedwali la Sista: kijani, kijani, kijani, halafu nyekundu. Mistari mia na tisa imekubali, mitatu imekataa.

Nasema ukweli, nilifurahi.

"Si vibaya, Sista," nikamwambia. "Mia na kumi na mbili, umekosea mitatu tu. Mimi ningekosea zaidi."

Sista alivuta kiti, akasafisha miwani kwa pindo la sweta. "Nisomee hao watatu."

"Mstari wa hamsini na nane. Wa sabini na tatu. Wa tisini."

"Anza na wa tisini. Nimeandika nini?"

"Sindano ya kwanza Pagume tatu, mwaka 2008. Ya pili, wewe unasema Meskerem mosi."

"Na programu yako inasema?"

Nikasoma kabla sijafikiri. "Pagume sita, 2008."

Sista akaanza kucheka, kicheko cha mtu mnene hata kama yeye si mnene. "Pagume sita! Mwaka wa Yohana! Mwanangu, siku hiyo wewe ulikuwa wapi? Maana mimi nililala Pagume tano nikaamkia Meskerem, mwaka mpya. Nani aliyekula hiyo siku peke yake?"

Wonde akageuka kunitazama. Mimi nikatazama skrini.

Mtoto yeyote wa Addis anajua. Pagume ina siku tano, na mara moja katika miaka minne, mwaka wa Luka unapokwisha, ina siku sita. Kila mwaka una mwinjilisti wake, kwa zamu: Mathayo tano, Marko tano, Luka sita, Yohana tano. Bibi yangu alikuwa akituimbia tukiwa tunanyunyiziwa maji ya Pagume. Nilikuwa nayajua haya kuliko ninavyoijua namba yangu ya simu. Lakini chuoni nilifundishwa kwa vitabu vya wageni kwamba mwaka mrefu ni ule unaogawanyika kwa nne bila kubaki kitu, na nilipokaa kuandika programu niliandika kama nilivyofundishwa chuoni. Kwetu mwaka unaogawanyika kwa nne ni wa Yohana. Wa Luka unabakiza tatu. Luka ya bibi ilikaa upande mmoja wa kichwa, hesabu za chuo upande wa pili, na miaka yote hazikuwahi kusalimiana.

Mbaya zaidi, majaribio yangu sitini na nne, kila yalipotaka jibu la kulinganisha, yaliliomba kwenye kanuni ile ile iliyokosea. Ndiyo maana yalikuwa kijani. Nilikuwa najiuliza swali, najijibu mwenyewe, halafu najipigia makofi.

"Huu ni mwaka gani?" Wonde akauliza, ingawa alijua.

"Elfu mbili na kumi na tano," nikasema. "Luka."

Yaani Pagume ya mwaka ule ule, wiki tatu mbele yetu, ilikuwa na siku sita, na programu yangu ingehesabu tano. Kila atakayechomwa sindano siku zile angeandikiwa kadi yenye tarehe zilizochelewa siku moja, katika vituo kumi na kimoja, na nesi angempa bila kuhesabu, kwa sababu kompyuta imeshahesabu.

Wonde akatoka kupiga simu. Tukabaki wawili. Nilitaka kumwomba Sista msamaha, lakini mdomo ulikuwa mzito, nikauliza lililokuwa jepesi.

"Huu wa hamsini na nane hukuandika sababu."

Alikunja daftari lake, akaliweka magotini.

"Mtoto wa kike, miaka saba," akasema. "Mbwa alimrukia usoni. Pagume nne, 2007. Kama mwaka huu, Luka. Nesi mpya ndiye aliyemwandikia kadi. Akahesabu Pagume tano, akaandika arudi Meskerem mbili. Akaniletea nitie sahihi. Foleni ilikuwa imefika getini. Nikatia."

"Hukuangalia?"

"Nilimwamini aliyehesabu. Mtoto alirudi Meskerem mbili, kama kadi ilivyosema. Mama yake kamshika mkono, kwa mkono mwingine ameshika maua ya adey ya mwaka mpya, yamenyauka. Mwaka mpya alikuwa mitaani na wenzake, wanaimba mlango kwa mlango. Siku aliyotakiwa awe kwangu, alikuwa anaimba."

Aliendelea bila kuulizwa.

"Baada ya mazishi daktari aliniambia siku moja isingebadilisha kitu. Jeraha lilikuwa usoni, karibu na kichwa, alisema, hata sindano zote angepata kwa saa. Labda. Nimekaa na hiyo labda miaka minane, mwanangu. Wonde aliponiambia kuna mashine itahesabu badala yetu, nilishukuru Mungu. Kisha nikajiuliza, mashine naye nani atamtilia sahihi?"

Nilimtilia sahihi mimi, na nilijua hivyo, na yeye alijua. Hakunitazama hata mara moja wakati anasema, na hiyo ndiyo huruma niliyoonewa siku ile. Nilisimama nikaenda mezani kwa Wonde. Alikuwa bado na simu sikioni. Nikafungua droo yake mwenyewe, nikaitoa karatasi, nikaichana vipande vinne.

Akaziba simu kwa kiganja. "Tirsit! Ile vituoni wanaisubiri!"

"Waambie wasubiri mpaka jioni."

"Jioni utakuwa umerekebisha?"

"Kurekebisha ni tarakimu moja. Jioni nitakuwa nimehakikisha."

Na kweli ilikuwa tarakimu moja, sifuri ikawa tatu. Nikaendesha jedwali la Sista: mia na kumi na mbili, kijani yote. Kisha nikaendesha majaribio yangu ya zamani. Kijani yote. Kanuni ilipokuwa imekosea yalisema sawa, kanuni iliponyooka yakasema sawa. Niliyafuta yote sitini na nne mbele ya Sista. Wonde aliugua kama mtu aliyeibiwa, maana kwenye ripoti alikuwa ameshajisifia ile idadi.

"Wiki sita za kazi," akasema.

"Wiki sita za kujipigia makofi," nikamjibu.

Kabla ya kutia sahihi karatasi mpya, nilimpa Sista kiti changu. Akaongeza mistari ishirini mingine, yote ya Pagume, Luka za nyuma na Luka zijazo, mpaka mwaka ambao hakuna hata mmoja wetu atakayekuwepo. Mimi sikugusa fanksheni. Jioni tukashuka kunywa buna kwa Almaz wa ngazini, tukanywa kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu cha baraka, bila kuzungumza kazi. Alinieleza habari za mumewe na zile kalenda. Nilicheka mpaka nikamwaga.

Mwaka mpya, saa tatu asubuhi, nikiwa jikoni kwa mama yangu tunakata vitunguu vya doro, mchuzi wa kuku wa sikukuu, simu ikalia. Ilikuwa Sista. Nyuma yake nilisikia watoto wakiimba.

"Uko wapi, Sista? Mwaka mpya huu!"

"Chumba cha sindano. Nimekuja kuwasaidia, si unajua leo hawatoshi." Alikuwa anahema. "Wamekuja watano, Tirsit. Kadi zao zinasema leo. Wamekuja leo."

Mama aliniuliza nani amekufa, nikamwambia ni vitunguu.

Sista alihamia Debre Birhan kwa binti yake, na mimi nikadhani habari imeishia hapo. Mwaka uliofuata Wonde akaamua kuiandika upya ile sehemu ya kalenda, ati iende haraka. Ninamjua Wonde, akisema haraka mimi huvaa koti la mvua. Mchana mmoja akaja mezani kwangu na kompyuta yake imefunguliwa, uso umemkunjamana.

"Wewe, hii nini? Nimeiambia isimame kwenye kosa la kwanza, imesimama kwa mmoja. Huyu ni nani?"

Nikatazama. Mstari mmoja mwekundu, wa hamsini na nane. Kwenye safu ya sababu, ile iliyokuwa tupu, palikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyaona. Aliyaandika lini, sijui. Labda jioni ile ile, kwenye kiti changu, nilipokwenda kuosha uso.

*Simegn. Miaka saba. Alikuwa anaimba.*

"Nimeitazama tangu asubuhi," Wonde akasema. "Tofauti yenyewe siku moja tu. Nikaona labda huyu Simegn alikosewa kuandikwa. Nimfute?"

Nilikunja kompyuta yake taratibu, nikamrudishia mikononi.

"Hakukosewa kuandikwa," nikamwambia. "Kaa chini, Wonde, nikuambie ni nani. Halafu urudi ukahesabu Pagume yako upya."